Uzamili wa sayansi ya data: Mhitimu wa Kigoma apime nini kabla ya kulipa ada?

KWA wakazi wengi wa Kigoma na Ujiji, neno data lilianza kuzoeleka kama kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa wakala wa simu. Katika miaka ya karibuni, neno hilohilo limeanza kuonekana katika matangazo ya vyuo vikuu, likiambatana na jina la kozi ambayo wazazi wa wanafunzi wa leo hawakuwahi kuisikia: Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Data.

Matangazo hayo huwafikia walimu wa hisabati wa Kasulu, maofisa uvuvi wa Uvinza, wahasibu wa halmashauri, watumishi wa afya wa Kibondo na vijana waliomaliza shahada ya kwanza na kurejea nyumbani wakisubiri ajira. Swali lao huwa ni moja: je, kozi hiyo mpya inastahili fedha na muda inaoudai?

Kwa familia nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika, hilo si swali dogo. Ada ya mwanafunzi wa uzamili hutoka katika kiwanja kilichouzwa, mtaji wa dagaa uliopunguzwa au mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara kwa miaka kadhaa. Uamuzi ukiwa mbaya, haumwumizi mwanafunzi peke yake.

Makala haya yanaeleza kozi hiyo ni ya namna gani, inapatikana wapi, inagharimu nini, na mambo ambayo mwombaji aliye mbali na vyuo vikubwa anapaswa kuyapima kabla ya kutia saini fomu ya kujiunga.

Taaluma yenye umri mdogo

Sayansi ya data ni taaluma inayounganisha takwimu, hisabati na kompyuta kwa lengo la kupata maarifa kutoka katika kumbukumbu nyingi, kisha kuyatumia katika kutabiri au kutoa uamuzi.

Mizizi yake si ya jana. Mwaka 1962, mtakwimu wa Marekani, John Tukey, aliandika akihimiza uchambuzi wa data utazamwe kama fani inayojitegemea. Mwaka 2001, mtakwimu mwingine wa nchi hiyo, William Cleveland, alipendekeza mpango wa kuipanua taaluma ya takwimu na kuiita sayansi ya data.

Kozi za uzamili zilifuata baadaye. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilianza kufundisha uzamili wa uchambuzi wa data mwaka 2007, kikiwa miongoni mwa vya kwanza nchini Marekani. Mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review liliisifu kazi ya mwanasayansi wa data kuwa yenye mvuto kuliko zote za karne ya 21, na vyuo vingi duniani vikaanza kushindana kuanzisha kozi hiyo.

Umri huo mdogo una maana yake kwa mwombaji. Kozi za uhasibu au udaktari zina mitaala iliyokomaa na bodi za kitaaluma zinazosimamia wahitimu. Sayansi ya data bado haina mipaka iliyokubalika kila mahali, hivyo kozi mbili zenye jina moja zinaweza kufundisha mambo tofauti kabisa.

Kigoma imezalisha data kwa zaidi ya miaka 60

Wapo wanaodhani kwamba taaluma hiyo ni ya benki na kampuni za simu za Dar es Salaam pekee. Historia ya Kigoma inaonyesha vinginevyo.

Julai 14, 1960, Jane Goodall aliwasili Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, na kuanza kuandika kumbukumbu za maisha ya sokwe. Mwaka 1975, baada ya wanafunzi wanne wa kigeni kutekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka upande wa pili, kazi ya kukusanya kumbukumbu za kila siku ilibebwa na watafiti wasaidizi Watanzania, wengi wao wakiwa wenyeji wa vijiji vya jirani. Goodall alifariki dunia Oktoba 1, 2025, lakini utafiti aliouanzisha umebaki kuwa miongoni mwa tafiti za wanyamapori zilizodumu muda mrefu zaidi duniani.

Kusini mwa mkoa, katika milima ya Mahale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walianza kufuatilia sokwe mwaka 1965, miaka 20 kabla ya eneo hilo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985.

Ziwa lenyewe nalo ni ghala la kumbukumbu. Lina urefu wa takriban kilomita 673 na kina cha takriban mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Mwaka 2003, watafiti walioongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi uliolinganisha vipimo vya joto la maji vya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Walihitimisha kuwa uzalishaji wa chakula cha asili ziwani huenda ulipungua kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30.

Matokeo ya aina hiyo hugusa sufuria ya kila nyumba. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi katika upande wa Tanzania wa ziwa hilo zilisimamishwa ili samaki wazaliane, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Kujua kama hatua hiyo ilisaidia dagaa na mgebuka kuongezeka ni kazi ya takwimu. Inahitaji kumbukumbu za mavuno zinazoandikwa katika mialo kama Kibirizi na Katonga, na mtu anayejua kuzisoma bila kudanganywa na msimu, mbalamwezi au idadi ya vipe vilivyoingia majini.

Jambo hilo ndilo kiini cha suala zima. Kwa miaka mingi watu wa Kigoma wamekuwa wakusanyaji wa data, huku sehemu kubwa ya uchambuzi ikifanyika kwingine. Kumbukumbu za Gombe, kwa mfano, zilihifadhiwa na kuchambuliwa kwa miaka mingi katika vyuo vikuu vya Marekani, vikiwemo Minnesota na Duke.

Kozi inapatikana wapi

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Data kupitia Ndaki yake ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano iliyoko Kijitonyama. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, hutoa uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi, zikiwemo fani za kompyuta na mawasiliano. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961 na kuwa na makao yake Dar es Salaam, ni kituo cha siku nyingi cha kufundisha takwimu rasmi.

Kozi mpya iliyozungumzwa zaidi ni ya Zanzibar. Julai 2023 ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuanzisha kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, ikiwa ni mara ya kwanza kwa taasisi za kundi hilo kufungua kampasi nje ya India. Masomo yalianza mwaka huohuo kwa programu mbili: shahada ya kwanza ya miaka minne na uzamili wa miaka miwili, zote zikiwa za sayansi ya data na akili unde.

Wakati wa kuanzishwa, ada ya uzamili katika kampasi hiyo ilitangazwa kuwa dola 4,000 za Marekani kwa mwaka. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka 2023 cha takriban Sh 2,500 kwa dola, hiyo ni kama Sh milioni 20 kwa miaka miwili, kabla ya chakula, malazi na nauli.

Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Rwanda kina Kituo cha Umahiri cha Afrika cha Sayansi ya Data, kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, kikiwa na michepuo kama takwimu za afya, demografia na ekonometriki. Jijini Kigali pia ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2011. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Strathmore, chenye uzamili wa sayansi ya data na uchambuzi.

Kwa mkazi wa Kigoma, jiografia inastahili kuangaliwa upya. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliuelekeza mji huo Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Hata hivyo, kwa barabara ya Kibondo, Nyakanazi na Rusumo, Kigali ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Ithibati kwanza, sifa baadaye

Hatua ya kwanza si kusoma kipeperushi cha chuo, bali ni kuthibitisha kama kozi inatambuliwa. Kazi hiyo hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza mwaka 2005.

Chuo kutambuliwa ni jambo moja, na kozi kutambuliwa ni jambo jingine. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kutangaza kozi ambayo bado haijakamilisha taratibu za ithibati. Mwombaji anapaswa kuuliza kuhusu kozi yenyewe, kwa jina lake kamili.

Kwa shahada za nje, zikiwemo zinazosomwa kwa njia ya mtandao, TCU ndiyo inayotathmini na kutambua tuzo. Ni busara kuuliza kabla ya kulipa. Anayesubiri hadi ahitimu anaweza kugundua kwamba cheti chake hakikubaliki katika utumishi wa umma, wakati fedha zimekwishatumika.

Zipo pia sifa za kujiunga. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7, na kwa sayansi ya data hutaka msingi wa hisabati, takwimu, kompyuta, uhandisi au uchumi. Mwenye shahada ya fani nyingine aulize kama kuna masomo ya maandalizi, yanachukua muda gani na yanalipiwa kiasi gani.

Ada si gharama yote

Kosa linalofanywa na wengi ni kuhesabu ada pekee. Gharama kamili ya uzamili ina sehemu tatu: ada, gharama za ziada za kuishi mbali na nyumbani, na kipato kinachopotea wakati wa masomo.

Ichukuliwe kwa mfano tu, bila kukitaja chuo chochote, kozi ya miezi 18 yenye ada ya Sh 7,000,000. Mwanafunzi ana familia Kigoma, na anahitaji Sh 250,000 za ziada kila mwezi kwa chumba, chakula na nauli mjini. Kwa miezi 18, hizo ni Sh 4,500,000. Kama alikuwa akipokea Sh 800,000 kwa mwezi na ameacha kazi, atakuwa amepoteza Sh 14,400,000.

Jumla inakuwa Sh 25,900,000. Sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo si ada, bali ni mshahara uliopotea.

Kisha huja swali la marejesho. Ikiwa shahada hiyo itamwongezea Sh 300,000 kwa mwezi, atahitaji zaidi ya miezi 86, yaani miaka saba na ushei, kurudisha alichotumia. Hapo hajahesabu miezi ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu.

Mtu huyohuyo akipata ruhusa ya masomo na kuendelea kulipwa mshahara, gharama hushuka hadi Sh 11,500,000, na marejesho huchukua miaka mitatu na miezi michache. Akisoma akiwa kazini kwa njia ya masafa au vipindi vya likizo, kwa ada ileile na Sh 1,500,000 za safari na intaneti, gharama ni Sh 8,500,000, na marejesho huchukua takriban miezi 28.

Mfano huo unaonyesha kwamba kozi moja inaweza kuwa hasara kwa mtu mmoja na faida kwa mwingine, ingawa wote wawili wameketi darasa moja. Anayetaka kuamua aweke takwimu zake mwenyewe katika nafasi hizo, na aweke ongezeko la mshahara analoweza kulithibitisha, si lile analolitamani.

Mikopo na makato

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imejikita zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nafasi za uzamili ni finyu na zina masharti ya makundi maalumu, hivyo mwombaji asome mwongozo wa mwaka husika badala ya kutegemea maneno ya mitaani.

Mwenye deni la shahada ya kwanza akumbuke kwamba, kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akiongeza mkopo wa benki kwa ajili ya uzamili, atabakiwa na kidogo. Utaratibu unaomtaka mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi humkinga, lakini pia humwekea mpaka wa kiasi anachoweza kukopa.

Ufadhili upo, ingawa ushindani ni mkubwa. Carnegie Mellon ya Kigali imekuwa ikishirikiana na taasisi ya Mastercard Foundation katika kuwasomesha Waafrika, na vituo vya umahiri vya vyuo vya Afrika Mashariki vimekuwa vikitoa nafasi za ufadhili kwa raia wa nchi jirani. Mwombaji mwenye shahada nzuri ya hisabati hapaswi kulipa kwa fedha za familia kabla ya kujaribu milango hiyo.

Kozi mpya hupimwaje

Kozi yenye miaka kumi hupimwa kwa wahitimu wake. Kozi mpya haina wahitimu wa kutosha, hivyo mwombaji analazimika kupima vitu vingine.

Cha kwanza ni walimu. Ni wangapi wameajiriwa na chuo, na wangapi huazimwa kutoka kwingine? Wamechapisha nini katika eneo hilo? Kozi inayobebwa na mwalimu mmoja hufa siku mwalimu huyo anapohama.

Cha pili ni mtaala. Mtaala mzuri huwa na uwezekano na takwimu, aljebra ya matriki, uandishi wa programu, hifadhidata, ujifunzaji wa mashine, na maadili ya matumizi ya taarifa za watu. Mtaala uliojaa majina ya programu za kompyuta bila hisabati huzeeka haraka, kwa kuwa programu hubadilika kila baada ya miaka michache.

Cha tatu ni kazi ya vitendo. Je, mwanafunzi atachambua data halisi ya taasisi ya nchini, au mifano ya vitabuni tu? Mtu wa Kigoma atafaidika zaidi kama ataruhusiwa kufanya tasnifu kuhusu uvuvi, michikichi, bandari au malaria ya mkoani kwake.

Cha nne ni ratiba. Zipo kozi za masomo na tasnifu, na zipo za utafiti pekee. Anayelenga kazi ya kuajiriwa katika uchambuzi huhitaji masomo ya darasani na mradi. Anayelenga kufundisha chuo kikuu au kusoma uzamivu huhitaji tasnifu yenye uzito.

Cha tano ni muda halisi wa kumaliza. Uzamili wa miezi 18 unaomalizwa kwa miaka mitatu kwa sababu ya kusubiri msimamizi wa tasnifu hubadilisha hesabu yote iliyoelezwa hapo juu. Swali hilo huulizwa kwa wanafunzi waliopo, si kwa ofisi ya udahili.

Ajira: ahadi na hali halisi

Mahitaji ya watu wanaoweza kusoma takwimu ni ya kweli. Sensa ya Agosti 23, 2022 iliyohesabu watu 61,741,120 nchini ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na zaidi ya watu milioni 2.4. Vituo vya afya hutuma taarifa zao katika mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Kampuni za simu, benki na bandari nazo huendeshwa kwa mifumo inayozalisha kumbukumbu kila dakika.

Hata hivyo, kuwapo kwa data si sawa na kuwapo kwa nafasi ya kazi. Katika utumishi wa umma, vyeo huongozwa na miundo ya maendeleo ya utumishi ya kila kada. Mwalimu au ofisa mifugo anayepata uzamili wa sayansi ya data hapandi daraja kwa sababu hiyo tu, na anaweza kuambiwa kwamba fani yake mpya haimo katika muundo wa kada yake. Ni vyema kumwuliza ofisa utumishi mapema, na kwa maandishi.

Mashirika ya misaada yamekuwa mwajiri mkubwa wa wachambuzi mkoani Kigoma, hasa kutokana na kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta. Nafasi hizo za ufuatiliaji na tathmini hutegemea bajeti za wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ililivunja shirika lake la misaada la USAID, na mtikisiko wake ulifika hadi kwenye miradi ya afya na wakimbizi ya ukanda huu. Anayesoma kwa matarajio ya ajira za wafadhili azingatie somo hilo.

Jambo jingine ni akili unde. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kazi ndogo za kuandika msimbo na kuchora grafu zimekuwa rahisi kwa mtu yeyote. Thamani ya mtaalamu imehamia katika kuuliza swali sahihi, kutambua data mbovu na kueleza matokeo kwa mwenye kutoa uamuzi. Kozi inayofundisha kubonyeza vitufe pekee imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka masharti kwa anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, inaongoza uchapishaji wa takwimu rasmi. Mhitimu anayezifahamu sheria hizo ana sifa ambayo mashine haina.

Kujipima bila kulipa

Kabla ya kuuza kiwanja, mwombaji anaweza kujipima kwa gharama ndogo. Programu za Python na R, zinazotumika zaidi katika fani hii duniani, hupatikana bure. Mafunzo ya mtandaoni ya vyuo vikubwa yamekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mengi huruhusu kusoma bila kulipia cheti.

Lipo pia zoezi linalomhusu Mtanzania moja kwa moja. Jukwaa la mashindano la DrivenData liliweka wazi kumbukumbu 59,400 za vituo vya maji vya vijijini nchini, Kigoma na bonde la Ziwa Tanganyika vikiwemo. Mshiriki hutakiwa kutabiri ni kituo kipi kinafanya kazi, kipi kinahitaji matengenezo na kipi kimekufa. Jukwaa la Kiafrika la Zindi, lililoanza mwaka 2018, nalo huendesha mashindano ya aina hiyo.

Anayejitengea miezi sita kwa mazoezi hayo, saa chache kila wiki, atapata jibu la mambo matatu. Atajua kama anaipenda kazi yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni kusafisha kumbukumbu zenye makosa. Atajua kama hisabati yake inatosha. Tena atakuwa na kazi ya kuonyesha anapoomba nafasi au ufadhili.

Kwa anayeshindwa katika jaribio hilo, uzamili hautakuwa dawa. Kwa anayefaulu na kugundua kwamba tayari anaweza kufanya kazi anayoihitaji ofisini kwake, huenda uzamili usiwe wa lazima.

Nani aende, nani asubiri

Kwa kuunganisha hoja zote, yapo makundi ambayo kozi hiyo huwafaa. La kwanza ni mtumishi mwenye ruhusa ya masomo yenye malipo na mwajiri aliyeahidi kwa maandishi kumtumia akirejea. La pili ni mwalimu wa chuo au mtafiti, wa uvuvi, kilimo au afya, ambaye tayari ana data yake na anakosa mbinu za kuichambua. La tatu ni kijana mwenye shahada nzuri ya hisabati au kompyuta aliyepata ufadhili kamili.

Anayepaswa kusubiri ni yule atakayeacha kazi ya kudumu bila uhakika wa kurejea, atakayekopa akiwa bado na deni la shahada ya kwanza, au anayevutwa na jina la kozi bila kuwahi kuchambua jedwali moja. Wa kuepuka kabisa ni mwenye kozi isiyo na uthibitisho wa TCU, hata kama ada yake ni nafuu.

Mwombaji anayesita kati ya makundi hayo aandike katika karatasi moja majibu ya maswali matano: kozi imethibitishwa na nani, gharama kamili ni kiasi gani, nani atalipa, kipato kitaongezeka kwa ushahidi gani, na familia itaishi vipi kama ongezeko hilo litachelewa kwa miaka miwili. Swali lisilo na jibu ndilo la kufanyiwa kazi kabla ya fomu kujazwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unaufaa mkoa ambao samaki, misitu na watu wake wamehesabiwa kwa miaka mingi, mara nyingi na wenyeji wenyewe, huku maelezo ya hesabu hizo yakiandikwa mbali. Kigoma inahitaji watu wake wenye uwezo wa kulisoma daftari hilo. Lakini anayekwenda kujifunza kulisoma hana budi kuanza na daftari la nyumbani kwake.